Mama Masjala na Karatasi za Moshi

Mama Masjala hakuamini mashine isiyopiga kelele. Nilipompelekea kompyuta ya kwanza, ya mitumba lakini nzima, aliizunguka kama mtu anayenunua mbuzi, akainamisha sikio, akaniuliza:

"Imewaka hii?"

"Imewaka, Mama."

"Mbona kimya? Kitu kinachofanya kazi kinasikika. Punguza bei."

Nikapunguza. Nimeuza vifaa vya ofisi nyuma ya soko la Bukoba miaka mingi, nimeuziana na mapadri, masheikh, walimu, hata wavuvi wa visiwa vya Muleba waliotaka kulipia kalkuleta kwa sangara. Hakuna mwingine aliyewahi kunishusha bei kwa sababu bidhaa yangu ina adabu. Skana ilipofika baadaye, ilikuwa inakoroma kila karatasi ikipita. Akafurahi mno. "Hii sasa inatafuta riziki," akasema. Nikaona mwanya, nikapandisha.

Jina lake liliandikwa mlangoni lakini hakuna aliyelitumia. Ofisi ilikuwa ya mradi wa kusomesha yatima, vyumba vitatu vya kupanga, na chumba cha mwisho kilichojaa majalada ndicho kilikuwa masjala. Yeye ndiye alikuwa humo, kwa hiyo akawa Mama Masjala. Mfupi, kitenge kimefungwa juu ya sketi, miwani imeshonwa kwa uzi sikio la kushoto, kalamu imechomekwa kwenye nywele na kusahaulika humo. Akiitafuta kalamu hiyo, ofisi nzima ilisimama kazi, na hakuna aliyethubutu kumwambia ilipo.

Rimu ya karatasi aliihesabu mbele yangu. Mimi nami nahesabu kila kitu mara mbili, basi tulikuwa tunakaa pande mbili za meza kama waumini, tunalamba vidole, midomo inacheza. Tukipata idadi tofauti tunaanza upya. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekubali kwamba aliyekosea ni yeye.

Na hapakuwa na biashara kabla ya kahawa. Namaanisha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, anakuwekea chache kwenye kisahani. "Tafuna kwanza, Mswahili," alikuwa akiniambia, kwa sababu mimi ni wa familia ya Kiislamu ya mjini na babu yangu alitokea pwani. "Uongo wako utausema baadaye."

Hadithi yake ya vita nilisimuliwa mara nyingi na kila mara ilikuwa ileile, ndiyo maana naiamini. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja mjini. Mizinga iliposikika kutoka ng'ambo ya mto Kagera na watu wakaanza kuhama kwenda kusini, mkubwa wake aliokoa redio. Yeye aliokoa taipureta. Kichwani alikuwa ameshabeba ndizi na sufuria, kwa hiyo taipureta akaifunga mgongoni kwa kanga mbili, akaifunika vizuri, akashika njia ya Muleba.

Kwenye kizuizi akasimamishwa na askari.

"Mama, huyo mtoto mbona ana kona?"

"Amelala vibaya."

"Anaumwa?"

"Ana njaa. Niache nipite, bojo, tafadhali."

Askari akanyoosha mkono kumshika mtoto kichwa. Akagusa mkono wa kurudishia mstari, na mtoto akalia: *ting!*

Alicheka yule askari mpaka akakaa chini na bunduki yake. Kisha akamwambia hapiti mpaka ampigie chapa barua ya kwenda kwa mama yake, Songea. Akapiga pale pale, taipureta juu ya jiwe. Wenzake wakapanga foleni. Akafika Kimwani, mwisho wa safari, siku nyingi baada ya waliotoka naye, lakini alifika amenenepa, maana kila barua ililipwa kwa biskuti za jeshi. Nilipomuuliza kama aliogopa, akasema aliogopa sana. Mvua. Taipureta haikuwa na kifuniko.

Vita vikaisha, akarudi mjini na mtoto wake wa chuma. Halafu vikaja vifo ambavyo havikuwa na mizinga. Mwanzoni watu walisema ni Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikiingia kwa magendo kutoka Uganda, kisha wakasema ni slimu, ugonjwa wa kukondesha, kisha wakaacha kusema. Wanaume waliokonda walikuwa wakishikwa mikono na ndugu zao kumfikia, awaandikie wosia. Alikuwa na meza yake nje ya duka la mshonaji, na hapo ndipo nilipomjua, kabla ya mradi kumchukua. Mimi nilikuwa nikimuuzia riboni.

Nilimsikia siku moja na mwanamume mmoja aliyekuwa anavaa koti juani.

"Kibanja, nyumba na migomba yake, namwachia kaka yangu," akasema yule mwanamume, na kaka mtu yuko hapo kando, anatikisa kichwa kwa huzuni.

Mama akapiga maneno mawili, akasimama. "Imekwama."

"Nini?"

"Taipu. Ikifika kwenye kibanja huwa inakwama. Una mke?"

"Ninaye. Ukoo utamtunza."

"Hapo ndipo inapokwama zaidi. Una watoto?"

"Watatu."

"Basi taja mke na watoto, tuone kama itafunguka."

Kaka mtu akasema wao wamelipia wosia, hawakulipia maswali. Mama akamsogezea taipureta. "Piga wewe mwenyewe, waitu, ndugu yangu. Mimi nimeshindwa." Wakakaa. Jua likazunguka. Mshonaji akamaliza suruali nzima. Mwishowe mgonjwa akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, akasema, "Andika mke wangu." Taipu ikafunguka.

Alisema hapendi watoto. Alilisema hilo kwa sauti, mbele yao. "Wananuka maziwa na uongo." Nyumbani kwake Nyanga walilala watoto wa dada zake wawili, wengi kiasi kwamba aliwaita kwa zamu, na katika miaka yake yote ya mradi hakumwingiza hata mmoja wao kwenye orodha ya ada. Mratibu, kijana mpole mwenye tai aliyekuwa mkubwa wake, alimwambia wana haki sawa na wengine. "Mimi ndiye ninayeshika majalada," akamjibu. "Nikijiweka humo mwenyewe, nani atanishika?" Akawalipia kwa kuuza ndizi na kwa kunishusha bei mimi.

Na alikataza kabisa kula karibu na mashine. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, kisahani cha senene wa kukaanga kikaonekana kando ya skana. Kisahani chake. Mguu wa senene ukabaki kwenye kioo, na watoto wa kata nzima wakatoka na alama ileile kwenye paji la karatasi. Alipoulizwa alisema senene si chakula, ni msimu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wafadhili walileta sharti. Ada ya mwaka unaofuata italipwa kwa mtoto ambaye karatasi yake ya kuandikishwa imo ndani ya kompyuta: picha ya karatasi, na maandishi yake yaliyosomwa na mashine. Asiyekuwemo shule zikifunguliwa Januari atabaki nyumbani. Wakati huo ilikuwa ni majira ya kuvuna kahawa, kwa hiyo muda ulikuwepo, lakini si wa kuchezea.

Shida ya kwanza ilikuwa mchwa. Nakala za ofisini za miaka ya mwanzo walizila, wakaacha pini. Ikabidi zikusanywe nakala walizopewa wenyewe majumbani, zile zilizopigwa chapa siku mtoto alipoandikishwa, kwa ahadi kwamba zikishapita kwenye skana zitarudishwa. Mama alitoa ahadi hiyo mwenyewe, na alikuwa mtu wa kurudisha.

Shida ya pili ilikuwa kazi yenyewe. Skana inapiga picha tu. Programu ya kusoma maandishi ilitaka mtu afungue picha moja, achague lugha, abonyeze isome, asubiri, ahifadhi, aipe jina, afunge, aanze tena. Karatasi zilifika dari. Mratibu alihesabu, mimi nikahesabu mara mbili, tukaona kwamba kwa mwendo huo watoto wangeolewa kabla hatujawafikia.

Ndipo nikampa kitu bure, jambo ambalo mpaka leo siwezi kujieleza: programu ndogo ya kupanga amri. Unaiandikia mstari kwa mstari nini kifanyike, nayo inasogeza kipanya na kubonyeza vitufe kana kwamba kuna mtu ameketi pale. Mama akaichukua na kitabu chake kinene. Nilidhani itamshinda. Haikumshinda, kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameelekeza wasichana wa kazi, na ile programu ni msichana wa kazi asiye na akili. "Usipomwambia funga mlango, anaacha wazi," alinieleza. "Usipomwambia subiri maji yachemke, anaweka majani kwenye maji baridi." Akaiita Binti. Akaandika: fungua, soma, subiri, hifadhi, funga, chukua inayofuata. Mwanzo alisahau "chukua inayofuata", na Binti akamsoma mtoto mmoja kutwa nzima.

Lugha nayo ilisumbua. Kiswahili hakikuwemo. Tukichagua Kiingereza, ilisahihisha majina ya Kihaya kwa nguvu, kama mwalimu wa zamani. Tukajaribu lugha moja moja, na iliyotuheshimu zaidi ikawa Kiitaliano. "Basi tumekuwa Waitaliano," akasema Mama. "Msiwaambie mapadri."

Sheria ilikuwa moja: Binti akiwa kazini, kipanya hakiguswi. Mama alikifunga ukambaa wa mgomba, kama mtu anavyouwekea alama mkungu ulioshauzwa. Mratibu akafungua ukambaa siku moja ili acheze karata kidogo kwenye kompyuta wakati wa chai. Binti hakujali. Alibonyeza palepale alipoagizwa kubonyeza, akamhamisha malkia wa kopa, akafunga mchezo, akahifadhi, akauliza inayofuata. Mratibu alitoka chumbani ameinua mikono juu kama mateka.

Kazi ikaenda. Karatasi za mjini, zilizotunzwa kwenye mifuko ya plastiki ndani ya masanduku, zilisomwa kama maji. Lakini kila Binti alipopata karatasi isiyotoa neno hata moja, aliiweka pembeni, na pembeni pakaanza kujaa. Mratibu akaangalia kalenda.

"Mama, tupeleke waliosomeka. Hawa wachache tutawaombea mwakani."

"Umewaangalia ni akina nani?"

"Ni wale ambao mashine imeshindwa."

"Waitu, kaa chini."

Akaziweka mezani. Zote zilikuwa rangi moja, kahawia ya chai iliyokolea, na zote zilinuka jiko. Zilitoka kijijini Buganguzi, kwenye nyumba ambazo watu wazima wamekwisha na amebaki bibi na wajukuu. Bibi hana sanduku. Ana kikapu kinachoning'inia juu ya mafiga, kwenye moshi, mahali mchwa hawafiki. Humo ndimo anamoweka mbegu za maharage na kila karatasi anayoiheshimu.

"Mashine yako inapenda watoto wenye masanduku," Mama akasema. "Hawa ndio mradi uliwaanzia. Ukiwaacha hawa, tunasomesha nani?"

Mratibu akaisogeza kalenda kando. Nami nilikuwepo, nimekuja kudai, nikairudisha ankara mfukoni.

Mama akajaribu kila kitu. Alipandisha mwanga wa skana: moshi ukaondoka, na watoto nao wakaondoka. Alisugua karatasi moja na limau, ikatoboka, akaiwahi kwa gundi. Mimi nilimtolea fotokopi nyepesi kwa nusu bei, tukapata moshi mweupe badala ya moshi mweusi. Jicho la mtu liliweza kusoma, ukiielekeza karatasi mlangoni na kuwa na subira. Binti hakuwa na subira.

Basi akafanya kitu cha ajabu kuliko vyote nilivyowahi kuona ofisini. Alileta taipureta yake ya vita kutoka Nyanga, akazipiga chapa upya karatasi zote za moshi, neno kwa neno, kwenye karatasi nyeupe za rimu yangu. Kisha akazipitisha hizo kwenye skana. Kisha akampa Binti azisome.

"Mama," Mratibu akasema taratibu, "kwa nini usingeandika moja kwa moja kwenye kompyuta?"

"Wao wanataka picha ya karatasi na maandishi yaliyosomwa na mashine. Haya, picha ya karatasi hiyo hapo. Na mashine imesoma."

Na kweli ilisoma, bila kukosea. Karatasi za kahawia zikarudi Buganguzi kama ilivyoahidiwa, kila moja kwenye kikapu chake. Watoto wote wakaenda kwa wafadhili.

Wiki chache baadaye akaja Mkaguzi kutoka Dar es Salaam, shati jeupe, viatu vyenye ncha. Akatandaza karatasi za Buganguzi mezani.

"Hizi ni mpya. Herufi zake zote ni za taipureta moja, hata hii *e* inayoruka juu ya mstari. Nyumba zote, miaka yote, *e* ni ileile inaruka. Mama, hawa watoto wametengenezwa kwa mkao mmoja."

"Karatasi nilizitengeneza mimi. Watoto sikuwatengeneza."

"Nakala halisi ziko wapi?"

"Kwa wenyewe. Jikoni."

Mkaguzi akafunga jalada. Akasema basi atawaondoa wote, na mradi mzima utasimamishwa uchunguzwe. Zilikuwa zimebaki siku chache shule zifunguliwe. Nilimtazama Mama, na kwa mara ya kwanza sikuona dalili ya kubishia bei. Alikuwa amekosea, alitaka wasomeke, akawafanya waonekane wa uongo. Mkono wake ulipanda kwenye nywele ukaikuta kalamu, ukaiacha palepale.

"Utawaondoa," akasema. "Lakini utawaondoa ukiwa umewaona. Gari lipo."

Nilipanda nyuma ya pikapu kwa sababu walikuwa bado hawajanilipa rimu.

Nyumba ya kwanza, bibi hakuwa na haraka. Mkaguzi akaomba karatasi, bibi akamwuliza kwa Kihaya habari za nyumbani kwao, za wazazi, za safari. Mama akatafsiri yote. Akaletewa kahawa atafune, akatafuna kwa uso wa mtu anayekula vifungo. Ndipo bibi akaonyesha jikoni kwa kidole. Yeye kiuno hakimruhusu kupanda. Mwenye shida na karatasi apande mwenyewe.

Mkaguzi akaingia. Tukamsikia anakohoa. Tukasikia kigoda kinaanguka, maharage yanamwagika, kikohozi kingine, kirefu. Wajukuu walijipanga mlangoni kwa ukimya wa watu wanaotazama sinema. Akatoka na karatasi mkononi, machozi yanamtoka, lile shati limeshika rangi ya karatasi yenyewe. Akaielekeza kwenye mwanga, akasoma jina kwa shida. Akamtazama mtoto wa mbele.

"Unaitwa nani?"

Mtoto akalitaja jina lake lote, na la baba yake aliyekufa, na darasa.

Mkaguzi akafuta macho. "Sawa. Nimeelewa. Tunaweza kurudi."

"Bado, waitu. Nyumba ya pili iko hapo juu."

"Mama, nimeshaelewa."

"Umeelewa nyumba hii. Watoto wa nyumba ya pili wataonwa na nani?"

Alipelekwa nyumba zote. Kufika ya tatu alikuwa anakiulizia kikapu mwenyewe, na bibi wa pale alimfokea avue viatu kwanza. Jioni, tunapanda gari, Mama akamwangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Sasa hivi hata wewe tukikupitisha kwenye skana, hutoki neno." Mkaguzi akacheka mpaka akaanza kukohoa upya. Januari ada ililipwa, ya wote. Rimu yangu ililipwa Machi.

Mradi ulikufa baadaye kama miradi inavyokufa. Mama akastaafu, akarudi kwenye migomba yake. Nilimtembelea Nyanga juzijuzi, macho yake sasa yamefunikwa ukungu, akaninusa kabla sijaketi.

"Umekuja kuuza nini?"

"Salamu tu, Mama."

"Punguza. Shika hii, wamenipa asubuhi na hapa hakuna aliyepata nafasi ya kunisomea."

Ilikuwa ni kadi. Nikatoa simu, nikaielekezea, maana siku hizi simu inapiga picha maandishi na kuyasoma kwa sauti papo hapo. Ikasoma kwa sauti ya mwanamke asiyejua Bukoba iko wapi: familia fulani ya Buganguzi inayo furaha kukuomba mchango wako ili kufanikisha harusi ya kijana wao. Ikataja jina.

Mama akanyoosha kiganja, nikaisimamisha.

"Huyo ni wa nyumba ya tatu," akasema.

Mjukuu mmoja alikuwa anakata majani ya ng'ombe uani, panga linasikika.

"Tumsomeshe, halafu atudai mchango," nikasema.

"Mwache adai. Hujui wangapi hawakufika umri wa kudai?" Akakunja kitenge magotini. "Kadi inasemaje?"

"Mtu mmoja bei yake, wawili bei yao."

"Andika wawili."

"Utaenda na nani?"

"Na wewe. Nani atanielezea bibi harusi? Nusu yako, nusu yangu."

"Mama, mimi kijana huyo hata simjui. Nitatoa robo."

Hakubishana. Aligeuza uso kuelekea ilipokuwa sauti ya simu.

"Isome tena," akasema. "Jina tu."

Ikasoma. Nikatoa nusu.